Pesa ya ufuta na safari ya Kilwa

Msikilizaji wa Nachingwea na wewe wa Ruangwa, mnada wa ufuta ukishapita, watoto wakiwa likizo, usidhani mji wa kale ni mpaka upande ndege. Kilwa iko mkoa huuhuu wa Lindi.

Panda basi hadi Lindi mjini, kisha shika barabara ya Dar es Salaam mpaka Nangurukuru, ukate kulia kwenda Kilwa Masoko. Lala hapo. Asubuhi pitia kwanza ofisini ukachukue kibali cha kutembelea magofu na mwongozaji. Usiruke hatua hii kwa kuambiwa na mwenye boti kwamba "tutamalizana hukohuko".

Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa maji. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na msikiti mkuu wa hapo bado una kuta na kuba za mawe ya matumbawe. Ukitembea pembeni utafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, lenye bwawa la pembe nane. Utajiri wa mji huu ulitoka kwenye biashara ya dhahabu ya Sofala. Mimi ningewapa watoto muda mrefu pale bwawani kuliko kwenye ngome iitwayo Gereza.

Songo Mnara, kisiwa kilichoingia pamoja na Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, kiko mbali zaidi. Juni hadi Agosti kusi huvuma, bahari huchafuka: ondokeni alfajiri, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na nahodha akisema leo hapana, msibishane naye.