Kaa Naye Kwanza

Masomo: Ayubu 2:11-13, Yohana 11:17-36

  Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili pengine mwingine asilifanye.

Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi Nairobi pamoja na Myahudi mmoja. Labda mtashangaa kusikia kwamba Kenya kuna Wayahudi. Naam, wako, ingawa si wengi. Jiwe la msingi la sinagogi lao la kwanza mjini Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Mimi na bwana huyu tulikunywa chai pamoja kila siku saa nne. Mtoto wangu alipougua usiku, yeye ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake.

Basi siku moja nikapata habari kwamba mamake amefariki. Kesho yake nikaanza kupanga mchango na usafiri wa mazishi, lakini nikaambiwa mama amekwisha kuzikwa. Wayahudi huzika upesi, na desturi yao ni sanda nyeupe na jeneza la mbao lisilo na mapambo, tajiri na maskini sawasawa. Baada ya kuzika, wafiwa hukaa matanga siku saba. Siku hizo huitwa Shiva, maana yake saba.

Nikawachukua wenzangu watatu wa kanisani, tukanunua shada la maua, tukaenda. Mlango ulikuwa wazi. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa kwa vitambaa, na mshumaa ulikuwa unawaka. Rafiki yangu aliketi juu ya kiti kifupi, hana viatu vya ngozi, hakunyoa ndevu, na shati lake limepasuliwa kifuani. Mimi nikamsalimu kwa sauti kubwa, nikampa maua, kisha nikasimama nikahubiri. Nilimwambia asilie. Nilimwambia Mungu ana sababu zake. Nilisema karibu nusu saa. Yeye aliinamisha kichwa, asijibu neno.

Tulipotoka, mzee mmoja wa Kiyahudi alitusindikiza mpaka langoni. Akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, asante kwa kuja. Lakini kwetu sisi, anayekuja kumpa mfiwa pole humngoja mfiwa aseme kwanza. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, mwache alie. Akitaka kumtaja mama yake, msikilize." Nikamwuliza, "Mzee, desturi hiyo mliitoa wapi?" Akajibu, "Kwa rafiki za Ayubu."

Ndugu msikilizaji, niliona haya. Nilikwenda nyumbani nikafungua Biblia. Mara ngapi nimewalaumu wale watu watatu! Kumbe mwanzoni walifanya vema. Walitoka mbali, walilia, wakaketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walikosa walipoanza kumweleza sababu ya msiba wake. Mimi niliruka zile siku saba, nikaanzia pale walipokosea!

Siku ya nne nilirudi peke yangu, jioni. Mzee yule alikuwa amenishauri nilete matunda mazima, maana Wayahudi wana sheria zao za chakula. Mfiwa wa Kiyahudi hajipikii chakula cha kwanza baada ya mazishi. Majirani ndio humletea, na mara nyingi huwamo mayai ya kuchemsha. Walipotimia wanaume kumi, wakasali. Rafiki yangu akasimama akasema sala ya wafiwa iitwayo Kadishi. Katika sala hiyo kifo hakitajwi hata mara moja. Mfiwa hulitukuza jina la Mungu tu. Sauti yake ilitetemeka, nami nikasimama nyuma kimya.

Baadaye nikaketi karibu naye. Tulikaa muda mrefu. Ndipo akasema, "Mama alikuwa akiniuliza kila Ijumaa jioni kama mtoto wako amepata nafuu." Wapendwa, nililia. Naye akalia. Kisha akanieleza habari za mamake kwa saa nzima, na mara moja hata akacheka. Maneno yangu ya siku ile ya kwanza hayakumsaidia, lakini masikio yangu yalimsaidia.

Kumbukeni pia nyumba ya Bethania. Lazaro alikuwa kaburini siku ya nne, na Wayahudi wengi walikuwa wamekuja kuwafariji Martha na Mariamu. Bwana Yesu alijua la kufanya. Hata hivyo, alipomwona Mariamu akilia, naye alilia kabla ya kwenda kaburini. Ikiwa Bwana mwenyewe hakuona haya kulia, sisi twaharakisha kuhubiri kwa nini?

Basi, ukiwa na rafiki Myahudi aliyefiwa, nenda. Usipeleke maua. Usiende siku ya Sabato, tangu Ijumaa jua likichwa hadi Jumamosi usiku, maana siku hiyo hawakai matanga mbele ya watu. Uliza kinachohitajika. Wala usimsahau siku saba zikiisha. Wao huendelea na maombolezo mpaka siku thelathini, na aliyefiwa na mzazi huendelea miezi kumi na miwili. Mpigie simu wakati wengine wamenyamaza.

Na kama jirani yako aliyefiwa ni Mwislamu, au ni mshirika wa kanisa lako, je, hahitaji vilevile mtu wa kuketi naye? Tusiyageuze machozi ya mwenzetu kuwa mimbara yetu.

Na tuombe. Ee Baba, Mungu wa Ibrahimu, wafariji wote waliao leo. Utupe miguu ya kwenda kwao, masikio ya kusikiliza, na kinywa kinachojua kungoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.