Joto, Mwanga na Daftari: Kupata Kazi Safi na ya Kutegemewa kwa Printa ya Resini, Kitale na Bungoma

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa ufundi, mafundi na vijana wabunifu, Kitale

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie printa ya resini, mashine ndogo ya mezani inayogandisha kimiminika kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kizima kikamilike. Chuck Hull wa Marekani alipewa hataza ya njia hii mwaka 1986, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya viwanda na maabara kubwa. Leo iko katika nyumba za watu.

Hata hivyo, wengi walioinunua wanalalamika. Leo kazi inatoka safi. Kesho faili ni ileile, resini ni ileile, lakini bamba la kubebea kazi linapanda likiwa tupu na kazi yote imeganda kwenye sakafu ya beseni la resini.

Hoja yangu ni moja: mipangilio ya printa ina mahali pake. Namba zilizoandikwa kwenye chupa ya resini zinachukulia kwamba chumba kina joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Hazikupimwa Kitale alfajiri. Anayetaka kazi ya kutegemewa sharti akijue chumba chake, abadilishe jambo moja kwa wakati, na aandike anachokiona.

2. Kazi inayodai umakini

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kielelezo cha kiwavi. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia Kenya na kushambulia mahindi ya ukanda wetu huu, ukanda uliolea mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964. Mkulima anayemkuta kiwavi ndani ya jani anapaswa kumtofautisha na funza wa mabua na viwavijeshi wengine, kwa sababu udhibiti wao haufanani. Alama za kiwavijeshi vamizi ni mbili: mstari wenye umbo la Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyojipanga kwa umbo la mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili.

Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Tukimkuza mara tatu tunapata kielelezo ambacho darasa zima la wakulima litakipitisha mkono kwa mkono. Ile Y tutaichora kama mfereji mwembamba, na madoa manne kama vinundu. Hapo ndipo ubora wa uchapishaji unapopimwa. Mfereji ukizibika au vinundu vikifutika, tutakuwa tumetengeneza kiwavi mwingine, na mkulima ataondoka na somo la uongo. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuvu ya kale ya Turkana, ambayo Louise Leakey na wenzake wameyaweka kwenye tovuti ya African Fossils ili shule ziweze kuyachapisha: mchoro ni mzuri, lakini mwanafunzi anajifunza kutokana na kile kilichobaki baada ya printa kumaliza kazi yake.

3. Mashine inavyofanya kazi

Chini kabisa kuna taa za mwanga wa nanomita 405, ukingoni mwa urujuani. Juu yake kuna skrini inayofungua na kuziba vinukta vya mwanga. Kisha kuna beseni la resini, ambalo sakafu yake ni utando mwembamba wa plastiki. Bamba la chuma hushuka na kuacha nafasi ya milimita 0.05 kati yake na utando, mwanga huwaka kwa sekunde 2 au 3, tabaka hugandamana, bamba hupanda na kulibandua tabaka hilo kutoka kwenye utando, kisha mzunguko huanza upya.

Skrini yenye upana wa milimita 134 iliyogawanywa vinukta 3,840 hutoa kinukta cha mikroni 35. Kwa hiyo hata mashine ya bei nafuu ina uwezo wa kuchora ile Y. Kinachoinyima kazi ule uwezo ni hatua mbili: kubandua na kujaa upya. Tabaka likibanduliwa kwa nguvu kuliko uimara wake, linang'oka. Resini isipowahi kujaa na kutulia kabla ya mwanga kuwaka, tabaka linakuwa na unene usio sahihi. Hatua zote mbili zinatawaliwa na joto.

4. Joto: Kitale si Bungoma

Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, hivyo tofauti ya miji hii ni nyuzi 3 hivi. Ongezeni tofauti ya mchana na usiku: alfajiri za Kitale joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, ilhali mchana linapita 25. Mtu anayechapisha saa nane mchana Bungoma na mwenzake anayeanza saa kumi na moja alfajiri Kitale hawatumii resini moja, hata kama chupa zimetoka katoni moja.

Resini baridi huwa nzito kama uji uliolala. Haitiririki upesi kurudi chini ya bamba, na bamba linaposhuka inachelewa kutoka pembeni. Tena mgandamano wenyewe hupungua kasi, hivyo tabaka hubaki laini wakati nguvu ya kubandua imeongezeka. Ndiyo maana kazi nyingi za usiku hufeli hapa Kitale, na mwenye mashine anailaumu resini.

Dawa ya kwanza ni kupima joto la resini yenyewe, si la chumba. Tumieni kipimajoto chenye kihisi cha waya, kisha mkisafishe kihisi hicho vizuri. Lengo ni nyuzi 22 hadi 28.

Dawa ya pili ni kupasha joto kwa utaratibu. Chupa iliyofungwa barabara iwekwe ndani ya karai la maji ya vuguvugu kwa muda, ikaushwe, itikiswe, ndipo resini imiminwe. Kwa kazi ndefu, jengeni kasha la plaiwudi la kuifunika printa, na ndani yake muweke chanzo kidogo cha joto kinachoongozwa na kidhibiti joto. Kidhibiti hicho mnakijua: ni kilekile wanachokifunga watengenezaji wa mashine za kutotolesha vifaranga, na maduka ya vifaa vya elektroniki hukiuza. Spiriti ya kuoshea kazi isikaribie kasha hilo, maana mvuke wake unashika moto.

Dawa ya tatu ni kuipa resini muda wa kutulia. Programu nyingi za kuandaa faili huruhusu kusubiri kati ya bamba kushuka na mwanga kuwaka. Sekunde moja inatosha Bungoma mchana. Kitale asubuhi huenda mkahitaji mbili au zaidi. Punguzeni pia kasi ya kupanda kwa bamba.

5. Kupima mwanga

Joto likishatulia, ndipo tunapogusa muda wa mwanga. Si mapema. Anayebadilisha vyote viwili pamoja hatajua kipi kimemponya.

Mwanga unapopenya resini hufifia kadiri unavyozama. Kwa hiyo kuuongeza muda maradufu hakuongezi kina cha mgandamano maradufu. Kina huongezeka kidogo tu, huku mwanga unaotapakaa kando ukigandisha resini iliyo nje ya mchoro. Mwanga ukizidi, mifereji na matundu huzibika: Y yetu inapotea. Ukipungua, vinundu na ncha nyembamba hazishiki: madoa manne yanapotea. Kielelezo kimoja kinatupa vipimo vyote viwili.

Chapisheni kipande kidogo cha majaribio chenye vijiti na matundu ya ukubwa uleule, kuanzia milimita 0.2 hadi 1. Anzeni na muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha mpande na kushuka kwa sekunde 0.2 au 0.3. Muda unaofaa ni ule ambao kijiti na tundu la kipimo kimoja vyote vinaonekana. Baada ya hapo chapisheni kichwa cha kiwavi peke yake, na mkague Y kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuchapisha mwili mzima.

Matabaka ya mwanzo, manne hadi sita hivi, hupewa mwanga mwingi zaidi, sekunde 25 hadi 40, ili yashike bamba. Yasiposhika, msiongeze muda kwanza. Sawazisheni bamba upya, lisugueni kwa msasa laini likiwa limepoteza ukwaru, na hakikisheni halina mafuta.

6. Kulaza kazi, stima na vumbi

Kiwavi akichapishwa akiwa amelala, eneo la kila tabaka huwa kubwa na kubandua huwa kugumu. Mwinamisheni, ili kila tabaka liwe dogo. Nguzo za kumshikilia ziwekwe tumboni, kamwe si usoni wala karibu na yale madoa, kwa sababu kila nguzo huacha kovu. Akiwa mnene, mfanyeni awe na uwazi ndani, ukuta wa milimita 2, na matundu mawili ya kutolea resini. Bila matundu, uwazi ule hufyonza utando kila bamba linapopanda.

Muda wa kazi unategemea kimo. Kielelezo kilichoinama hadi kimo cha milimita 90 kina matabaka 1,800. Kila tabaka likichukua sekunde 8, hiyo ni saa 4 kamili, uwe umechapisha kiwavi mmoja au bamba limejaa.

Katika saa hizo 4 stima zinaweza kupotea. Hatujasahau giza lililoikumba karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Mashine nyingine huendelea pale zilipoachia, lakini resini inakuwa imepoa na mstari unabaki kwenye kazi. Printa ndogo hutumia wati 50 hivi. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukitumia nusu tu ili isiharibike, tunabaki na 600, ambazo pamoja na hasara ya inveta huendesha printa kwa takriban saa 10. Msikiunganishe kipasha joto na betri hiyo; kasha lililozibwa vizuri litahifadhi joto.

Vumbi nalo ni adui, hasa miezi ya kiangazi na wakati wa kupukuchua mahindi. Kila kazi ikiisha, resini ichujwe kwa chujio la karatasi wanalotumia mafundi wa kupaka magari rangi. Kipande kigumu kilichobaki ndani ya beseni, bamba likikikandamiza, hutoboa utando na hata kuvunja skrini.

7. Kuosha na kukomaza

Vipengele vingi vidogo huharibikia hapa. Resini inayobaki ndani ya Y ikikomazwa, yaani ikigandishwa kabisa kwa mwanga, mfereji umezibika milele. Osheni mara mbili: chombo cha kwanza cha kuondoa resini nyingi, cha pili chenye kiowevu safi, kwa brashi laini. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi na huacha utando mweupe. Tafuteni alkoholi ya isopropili ya zaidi ya asilimia 95. Kisha acheni kazi ikauke kabisa.

Jua la hapa, karibu na ikweta, linakomaza bila mashine ya pili. Wekeni kazi ndani ya chupa ya kioo yenye maji, maana maji huizuia hewa inayofanya uso ubaki unanata, na muigeuze ili pande zote zipate mwanga. Jua hilohilo likipita dirishani litagandisha resini iliyo ndani ya beseni, kwa hiyo pazia zito ni la lazima.

8. Afya zetu na Mto Nzoia

Resini ambayo haijagandishwa hudhuru ngozi, na mzio wake ukishaanza unaweza kudumu maisha. Vaeni glavu za nitrili na miwani. Ikimwagikia ngozi, osheni kwa sabuni na maji, si kwa spiriti. Mashine isikae jikoni wala chumba cha kulala. Najua Kitale tunafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Ndiyo sababu nyingine ya kupasha joto kasha badala ya chumba, ili dirisha libaki wazi.

Spiriti iliyochafuka iwekwe juani ndani ya chombo chenye mfuniko na kinachopitisha mwanga. Resini itagandamana na kuzama, ichujwe, na spiriti itumike tena. Mabaki magumu yatupwe pamoja na taka ngumu. Msimwage chochote kwenye mtaro au choo cha shimo, hata maji yaliyoosha resini ya aina inayooshwa kwa maji. Visima viko jirani na vyoo vyetu, na mitaro yetu inaelekea Nzoia, mto unaopita Webuye na kuteremka hadi Ziwa Victoria. Kinachomwagwa Kitale kinanywewa Bungoma.

9. Mapendekezo

Kwanza, kila printa iwe na daftari lake: tarehe, saa, joto la resini, aina ya resini, muda wa mwanga, muda wa kutulia, na matokeo. Kazi iliyofeli iandikwe kwa uangalifu uleule wa iliyofaulu.

Pili, wenye mashine wa Kitale na wa Bungoma wachapishe kipande kimoja cha majaribio kwa resini moja, kisha walinganishe madaftari. Chuo cha kitaifa cha ufundi cha Kitale na Chuo Kikuu cha Kibabii vina walimu na wanafunzi wanaoweza kuisimamia kazi hii, na jedwali litakalopatikana litamfaa kila mnunuzi mpya wa ukanda huu kuliko karatasi ya mtengenezaji.

Tatu, tuchague kazi zenye faida kwa majirani zetu. Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma bado wanapambana na kiwavi yuleyule. Tukimchapisha kwa usahihi, Y yake ikionekana na madoa yake manne yakihesabika kwa kidole, tutakuwa tumewapa maafisa wa kilimo kifaa cha kufundishia ambacho hakihitaji stima wala intaneti shambani. Naomba semina hii iazimie kuanza na kielelezo hicho kabla ya msimu ujao wa kupanda.