Dawa ya Kikwapa Isigeuke Ugonjwa wa Ngozi

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo)



Leo nitazungumza jambo ambalo watu wengi hulionea aibu. Jambo hilo ni kikwapa. Nalisema wazi kwa sababu aibu hii inaumiza watu. Mtu akisikia anasengenywa mkutanoni, hukimbilia gulioni akanunua dawa yo yote ya kupaka kwapani. Baada ya siku chache kwapa linawasha, linatoa vipele, ngozi inachubuka. Mkono haunyanyuki vizuri, na jembe linamngoja. Naye kwa kuogopa kunuka, anazidi kupaka.

Kwanza tujue harufu hiyo inatoka wapi. Jasho lenyewe, linapotoka mwilini, karibu halina harufu. Lakini juu ya ngozi ya kila mtu kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Kwapani pana joto na unyevu, basi vijidudu hustawi hapo. Hula jasho, na mabaki yake ndiyo yanayonuka. Kwa hiyo mwenye kikwapa si lazima awe mchafu. Tusimcheke.

Basi dawa ya kwanza ni maji na sabuni. Osha kwapa kila siku. Suuza mpaka sabuni iishe. Jikaushe, kisha vaa nguo iliyofuliwa. Ukivaa shati lenye jasho la jana, umevaa na harufu yake. Watu wengi hupata nafuu kwa hayo tu, wala hawahitaji kununua kitu.

Je, kama hayatoshi? Hapo nenda dukani, lakini nenda na macho yako. Dawa za kikwapa, au deodoranti, ni za namna mbili. Namna ya kwanza huzuia harufu, jasho linaendelea kutoka. Namna ya pili hupunguza jasho lenyewe, kwa sababu imetiwa chumvi za alumini. Chupa nyingine zina vyote viwili.

Sasa tuje kwenye ngozi. Kama uliwahi kuugua ukurutu, au sabuni na mafuta ya kunukia hukuwasha, ngozi yako ni nyepesi kudhurika. Kitu kinachodhuru mara nyingi katika dawa hizi ni manukato. Hapa ndipo kisomo kinapoleta faida. Geuza chupa, usome maandishi madogo ya nyuma. Hata kama lugha ni ya kigeni, herufi unazijua. Tafuta neno PARFUM au neno FRAGRANCE. Ukiliona mojawapo, dawa hiyo ina manukato. Irudishe. Usimsikilize muuzaji akikuambia haina harufu, maana mara nyingine manukato hutiwa ili kuficha harufu ya dawa yenyewe. Tazama pia tarehe ya mwisho ya kutumika. Chupa isiyo na maandishi yo yote usiinunue.

Wengine watauliza, je, vitu vya nyumbani? Magadi soda huzuia harufu, lakini huchubua ngozi ya watu wengi. Limau ni kali. Ukilipaka kisha jua likakupiga, ngozi huweza kuungua na kubaki na madoa. Shabu, lile jiwe ambalo vinyozi hulitumia kuzuia damu, watu wengi huivumilia. Lakini hiyo nayo ni chumvi ya alumini, na huchoma penye mchubuko. Kitu kuwa cha asili si kusema hakidhuru.

Ukishapata dawa, usiipake kwapani siku hiyo hiyo. Ijaribu hivi:

1. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7.

2. Pakiwasha au pakitoa vipele, dawa hiyo si yako. Iache.

3. Pakibaki salama, anza kupaka kwapani, kidogo kidogo.

4. Usipake ukiwa umetoka kunyoa. Ngoja mpaka kesho yake. Wala usipake juu ya kidonda.

5. Mwenye pumu aepuke dawa za kupuliza, maana huweza kumbana kifua.

Na kama kwapa limekwisha anza kuwasha? Acha dawa mara moja. Osha kwa maji safi. Usipake nyingine juu yake, wala usijikune. Muwasho ukiendelea, au ukiona usaha, majimaji au jipu, nenda zahanati. Ichukue na ile chupa, mganga aisome. Muwasho mwingine hauletwi na dawa, huletwa na fangasi, na tiba yake ni nyingine.

Ndugu zangu, fedha ya kununulia dawa mmeipata kwa jasho. Isiwanunulie kidonda. Leo mkirudi nyumbani, kila mmoja atazame chupa aliyo nayo na asome maandishi ya nyuma. Siku ya kisomo ijayo mje nazo. Tutayaandika maneno hayo ubaoni, tuyasome pamoja, na asiye na chupa atasoma ya jirani yake.