Mama Mjamzito Asisubiri Maumivu



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida hunong'onwa tu: maradhi ya njia ya uzazi kwa akina mama wajawazito. Aibu tuliyo nayo juu ya maradhi haya ndiyo inayoyasaidia kuua, kwa hiyo leo naomba tuiweke kando.

Mtakumbuka mwezi Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka na kujaa Benaco, hapo Ngara. Baada ya kambi kuanzishwa, wataalamu waliwapima akina mama 100 waliohudhuria kliniki ya wajawazito. Zaidi ya nusu walikutwa na vijidudu vinavyoleta maradhi ya uke, 4 walikuwa na kaswende, na 3 walikuwa na kisonono. Tusidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakimbizi peke yao. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 uliwahusu akina mama wa kwetu wenyewe.

Huko ilionekana kwamba, kati ya wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, 25 katika kila 100 walijifungua watoto wafu. Kwa wasio na ugonjwa huo, ni 1 tu katika kila 100. Wengi wa akina mama hao hawakujua kuwa ni wagonjwa. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, nacho hupona chenyewe; lakini vijidudu hubaki katika damu, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Watafiti hao hao walithibitisha kwamba sindano moja ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, ikitolewa mapema, humpa mama usalama sawa na wa mwenzake asiye na kaswende. Sindano moja, ndugu zangu!

Kwa nini basi watoto waendelee kupotea? Mara nyingi ni kwa sababu mama hufika kliniki mimba ikiwa na miezi sita au saba, wakati madhara yamekwisha kutendeka. Anapaswa kufika kabla ya kutimia wiki 12, apimwe damu, na akikutwa na ugonjwa atibiwe siku hiyo hiyo. Mume naye apimwe na kutibiwa, kwani mama aliyetibiwa peke yake huambukizwa tena nyumbani kwake.

Lipo jambo jingine linalovunja nyumba zetu bila sababu. Vijidudu vingine huishi ukeni kwa kawaida. Vikizidi kiasi, huleta majimaji yenye harufu, na mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Hali hiyo inahitaji matibabu, lakini haithibitishi kwamba mke amezini. Mume anayemtukana au kumpiga mkewe kwa ajili hiyo anamfundisha kuficha ugonjwa, na atakayelipa ni mtoto.

Ndugu walimu, wananchi wanawasikiliza ninyi. Katika mikutano ya wazazi, yatajeni maradhi haya kwa majina yake, bila dhihaka. Ndugu watumishi, kazi yenu ni kuhakikisha kwamba vipimo na penisilini havikosekani zahanati. Mama aliyetembea saa tatu kwa miguu akaambiwa arudi wiki ijayo, huenda asirudi. Na sisi wanaume sote, tuwasindikize wake zetu kliniki, tuingie ndani, tutoe vidole vyetu vichomwe.

Tunahesabu madarasa na madawati, nayo ni mambo mema. Lakini mtoto anayezikwa siku ya kuzaliwa kwake hatakalia dawati lolote. Kumwokoa kunaanza na tone la damu la mama yake, kabla hajasikia maumivu yoyote.