Barabara Mpya na Haki za Anayeitumia

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za usafiri, Dar es Salaam



Tumekuja kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo kabla jua halijachomoza, nalo ni ujenzi na upanuzi wa barabara kuu za jiji hili. Tutaeleza kilichokwisha kufanyika, kisha tutasema mtumiaji ana haki gani wakati kazi inaendelea na baada ya kukamilika. Haki isiyojulikana ni sawa na fedha iliyofukiwa shambani: ipo, lakini haimnunulii mtu chochote.

Tuanze na hatua zilizofikiwa. Septemba 2018 lilizinduliwa daraja la juu la Mfugale katika makutano ya TAZARA, pale Barabara ya Nyerere inapokatana na Barabara ya Mandela. Februari 2021 yalifunguliwa makutano ya ngazi tatu ya Ubungo, ambayo leo yanaitwa Kijazi. Machi 2022 lilizinduliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja juu ya bahari, ili kulipunguzia mzigo daraja la zamani la Selander. Barabara ya Morogoro nayo imepanuliwa kati ya Kimara na Kibaha, umbali wa kilometa 19.2, kutoka njia mbili hadi nane. Tangu mwaka 2016 tunayo pia mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kati ya Kimara na Kivukoni, na baada ya hapo njia zake maalumu zikajengwa kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta.

Hiyo ni kazi kubwa, na anayekumbuka Ubungo ya zamani hahitaji kuhubiriwa. Hata hivyo, tunawaomba mpime maendeleo ya barabara kwa kipimo cha msafiri. Urefu wa lami ni kipimo cha mkandarasi. Msafiri hupima kwa dakika alizokaa njiani, kwa fedha iliyomtoka mfukoni, na kwa usalama wa mtoto wake anapovuka kwenda shule. Barabara inaweza kufaulu katika kipimo cha kwanza na ikashindwa katika vipimo vingine vyote.

Mifano ipo. Daraja la Mfugale limeyapandisha juu magari ya Barabara ya Nyerere yanayokwenda moja kwa moja baina ya mjini na uwanja wa ndege. Chini yake, magari ya Mandela na yale yanayokata kona bado huongozwa na taa. Foleni iliyokuwa TAZARA imepungua, lakini gari lililopita hapo kwa wepesi huweza kukutana na foleni nyingine kwenye makutano yanayofuata. Maji yakiongezwa kasi katika bomba pana hayawezi kupita yote kwa mara moja panapoanza bomba jembamba. Vivyo hivyo, njia nane zikiishia mahali penye njia nne, msongamano huhama mahali na kuendelea kuishi. Kwa Mbagala somo lilikuwa la namna nyingine. Njia maalumu na vituo vya mabasi yaendayo haraka vilikaa muda mrefu bila mabasi, na abiria waliendelea kusongamana katika daladala pembeni mwa njia tupu. Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba mradi umekamilika, uliza pia huduma inaanza lini, itatolewa na nani, na kwa nauli gani.

Sasa tuingie katika kipindi cha ujenzi wenyewe, maana hapo ndipo abiria huumia zaidi. Barabara ikifungwa upande mmoja, mchepuko huwekwa na safari hurefuka. Baadhi ya makondakta huona hapo nafasi ya kufanya mambo mawili yasiyokubalika. La kwanza ni kupandisha nauli kwa kisingizio cha foleni. La pili ni kukatisha njia: basi lililoandikwa kwamba linafika mwisho wa njia yake hushusha abiria katikati, kisha hugeuza na kupakia wengine. Abiria aliyelipa mara moja hulazimika kulipa mara mbili.

Tueleze sheria inavyosema kwa lugha nyepesi. Nauli za daladala hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kuangalia umbali wa njia. Zilipotangazwa upya Desemba 2023, nauli ya njia isiyozidi kilometa 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Nauli hiyo haipandi kwa sababu ya mvua, foleni, saa za usiku wala kifusi cha mkandarasi. Ikibadilika, hutangazwa hadharani baada ya wadau kusikilizwa, na abiria ni mmoja wa wadau hao. Ama kuhusu njia, leseni ya basi hutaja linakoanzia na linakoishia, na ndiyo maana daladala huandikwa majina ya vituo na kupakwa mstari wa rangi. Basi likikushusha kabla ya mwisho wa njia bila ya kuwa na hitilafu, limevunja masharti ya leseni yake. Dai kurejeshewa fedha yako. Ukikataliwa, usigombane. Andika namba ya usajili wa gari, njia iliyoandikwa, mahali uliposhushwa, tarehe na saa. Mambo hayo matano yana nguvu kuliko kelele za abiria ishirini, kwa kuwa mkaguzi anaweza kuyafuatilia hadi kwa mmiliki.

Jambo la tatu ni usalama. Barabara ya njia mbili mzee aliweza kuivuka kwa pumzi moja. Barabara ya njia nane haivukiki hivyo. Upana wake humwalika dereva kuongeza mwendo, ilhali nyumba, shule na masoko vimebaki pande zote mbili. Sheria inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini kibao peke yake hakimsimamishi dereva. Mtaa wenu unayo haki ya kuuliza, tangu michoro ikiwa mezani, vivuko vya waenda kwa miguu vitakuwa wapi, kama vitakuwa na taa, na umbali baina ya kimoja na kingine ni upi. Kivuko kikiwa mbali mno, watu huruka kingo za katikati, na lawama huwaangukia wao wakati kosa lilianzia kwenye mchoro. Wakati wa ujenzi, mkandarasi anawajibika kuweka alama za mchepuko, taa za usiku na njia salama ya waenda kwa miguu. Shimo lisilozungushiwa uzio ni jambo la kuripotiwa siku hiyohiyo, kabla halijampata mtu.

Jambo la nne ni nyumba na ardhi, na hapa tunaomba utulivu wa pekee, kwa sababu wapo miongoni mwenu waliopoteza makazi. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kwa kawaida ilikuwa meta 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliongezwa ikawa meta 30. Alama za X zinazopakwa ukutani zina maana mbili kulingana na rangi. Nyekundu humaanisha kwamba jengo liko ndani ya hifadhi ya zamani na mwenye nalo anahesabiwa kuwa aliifuata barabara. Kijani humaanisha kwamba barabara ndiyo iliyomfuata mwenye jengo, na kwa hiyo anastahili fidia kabla ya kuondolewa. Lakini zipo sehemu ambazo hifadhi ni pana zaidi. Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo kuelekea Kiluvya, ilihesabiwa kuwa na hifadhi ya meta 121.5 kila upande, na ndiyo sababu ubomoaji wa mwaka 2017 ulifika mbali kuliko wengi walivyotarajia.

Katika hayo kuna mafunzo mawili. Kwa anayetaka kununua kiwanja karibu na barabara kuu: usiridhike na mashahidi wa muuzaji wala na muhuri wa mtaa pekee. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya Wakala wa Barabara, uliza hifadhi ya mahali hapo ni meta ngapi, kisha pima. Kwa anayestahili fidia: fahamu kwamba fidia haiishii kwenye kuta. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida ya biashara, nayo kwa miezi 36. Mama mwenye genge au fundi mwenye karakana asiyetunza hesabu zake atashindwa kuthibitisha faida hiyo. Daftari la mauzo na risiti za kodi ni mali. Fahamu pia kwamba fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, sheria inaamuru riba iongezwe. Kabla ya kutia saini fomu ya mthamini, isome yote, na ubaki na nakala.

Jambo la tano ni tozo. Wakazi wa Kigamboni wanalifahamu tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016. Fedha za ujenzi wake zilitoka kwa sehemu kubwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na tozo ndiyo njia ya kuzirejesha. Wakazi walilalamika kwa hoja, na mwaka 2022 Serikali ilipunguza viwango. Malalamiko yaliyopangwa vizuri, basi, huzaa matunda. Majirani zetu wa Nairobi nao walifunguliwa mwaka huohuo barabara ya kasi ya kilometa 27 kati ya Mlolongo na Westlands, inayolipiwa kwa kadiri ya umbali, huku barabara ya zamani isiyo na tozo ikiendelea kutumika. Sisi tuna mpango wa barabara ya kasi ya kulipia kutoka Kibaha kuelekea Chalinze na Morogoro kwa ubia na sekta binafsi.

Katika kila mradi wa namna hiyo, mtumiaji aulize maswali manne. Je, ipo njia nyingine isiyolipiwa, na itaendelea kutunzwa? Nani anaweza kubadilisha kiwango cha tozo, na kwa utaratibu gani? Tozo ya basi itaingizwaje katika nauli ya abiria? Na mkataba wa mwendeshaji unakwisha lini? Maswali haya huulizwa kabla mkataba haujatiwa saini. Baada ya hapo, majibu huwa ghali.

Mwisho, tueleze mahali pa kupeleka malalamiko, maana wengi huchoka kwa kuzungushwa. Ubovu wa barabara kuu au ya mkoa, mchepuko mbaya, au shimo la mkandarasi katika barabara hizo, nenda kwa Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Barabara za mitaani ni za TARURA. Miundombinu na utaratibu wa mabasi yaendayo haraka ni kazi ya wakala wa DART. Nauli, leseni, kukatishwa njia na lugha chafu ya wahudumu ni mambo ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa huduma hizo, ambalo kazi yake ni kuwasemea ninyi. Uamuzi wa Mamlaka usipokuridhisha, sheria inakuruhusu kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Lalamiko likiwa la wengi, liandikwe kwa pamoja kupitia serikali ya mtaa, lipokelewe kwa muhuri, na nakala ibaki kwenu. Lalamiko lisilo na nakala hufa likiwa changa.

Ndugu zetu, barabara hizi hujengwa kwa kodi zenu, kwa mikopo ambayo mtailipa ninyi na wanenu, na wakati mwingine kwa michango yenu ya uzeeni. Anayelipia chakula ana haki ya kuuliza kimepikwaje. Hatuwaombi mzuie ujenzi wala mdharau kazi ya wahandisi wetu. Tunachowaomba ni kwamba kila mmoja wenu atoke hapa akijua namba ya meta za hifadhi mahali anapoishi, nauli halali ya njia anayosafiri, na ofisi ya kuandikia. Kwa mengine ambayo hatukuyagusa, tuko tayari kupokea maswali yenu sasa.