Aliyetega Ndiye Ateguaye
Dominika ya 29 ya Mwaka A (Isaya 45:1, 4–6, 1 Wathesalonike 1:1–5, Mathayo 22:15–21)



Watoto wetu wakiketi jioni kushindana kwa vitendawili, mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!" Anayepata jibu husemwa amekitegua. Lugha yetu imekwisha kutambua, basi, kwamba swali laweza kuwa mtego. Mtego wa watoto ni wa furaha, wala hauumizi mtu. Injili ya leo inatuletea swali la namna nyingine. Mwinjili Mathayo anatueleza tangu mwanzo kuwa Mafarisayo walifanya kikao, na ajenda ya kikao hicho ilikuwa moja tu: kumnasa Bwana kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Ili tuielewe vema Injili hii, tumwendee kwanza mtu aliyeijua mitego. Sisi tunaoishi Kinyerezi hatuko mbali na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Mto Msimbazi unaopita upande wetu huanzia katika vilima vile. Siku hizi habari zetu ni za viwanja na mitambo ya umeme wa gesi, lakini wamo bado wazee wachache waliowinda humo. Mmoja wao ni wa jumuiya ndogondogo tunayoitembelea, mwenyeji wa Kisarawe, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Tulimwomba atusimulie, naye alisimulia bila kujisifu.

Zamani za ujana wake, alisema, waliwinda kwa nyavu na mbwa. Nyavu zilitandazwa kichakani kwa nusu duara, wazee wakajificha nyuma yake. Vijana walizunguka upande wa pili na mbwa waliofungwa njuga shingoni, ili ijulikane walipo hata wakizama katika magugu. Mbwa hawakuua. Kazi yao ilikuwa kumwinua paa au funo kutoka mafichoni na kumsukuma aelekee wavuni. Maskini mnyama aliwakimbia mbwa aliowasikia, akaukimbilia wavu asiouona. Akinaswa jike mwenye mimba, au mtoto, mzee mwenye wavu aliweza kumwachia, kwa sababu alikuwapo pale na alimwona kwa macho yake.

Kisha ukaja waya. "Waya ulituharibu, Padre," alisema. Tukamwuliza, "Kwa nini, mzee wangu? Si nyama ni ile ile?" Akajibu, "Mbwa ukimwita, anarudi. Waya huuiti."

Wakati mmoja alitega vitanzi thelathini katika mapito ya wanyama, kila kitanzi kimefungwa kwenye shina la mti. Akashikwa na homa, akalala wiki mbili. Aliporudi alisikia harufu kabla ya kuona. Nyama ile haikumfaa mtu yeyote, na wanyama walikuwa wamekufa kwa kujikaza shingo siku nzima, pengine siku mbili, wakati yeye yuko kitandani akinyweshwa uji na mkewe.

Hatusemi kwamba kuwinda ni dhambi. Maandiko yanamtaja Esau mwindaji bila kumlaumu kwa upinde wake, na Isaka baba yake aliipenda mno nyama ya porini. Kitabu cha Walawi kinamwagiza mwindaji aifunike kwa udongo damu ya mnyama aliyemwua. Maana yake, asimame pale na aione damu ile. Hata katika nchi za baridi kali kule Kanada ya kaskazini, ambako Wamisionari Waoblati wa Maria Imakulata walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yakikokotwa na mbwa juu ya theluji, mtegaji mwenye adabu ana njia yake ya kuizungukia mitego yake. Mbwa wale humsaidia apate kufika. Asiyeizungukia mitego yake huhesabiwa mharibifu.

Kwetu sheria imekwisha kusema. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa mitego ya waya, kwa mashimo, kwa sumu, na hata kwa mbwa, pasipo kibali. Na mbwa naye tusimsifu kupita kiasi: mwaka 1994 maradhi yanayoaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini yaliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wenye mbwa wale hawakujua kabisa walichokuwa wamekileta. Lakini waya una ubaya wake wa pekee. Hutegwa kwa ajili ya nyumbu, hunasa simba, fisi, hata tembo. Wahenga walikwisha kusema kuwa mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Huko Serengeti, tangu mwaka 2017, vipo vikosi vinavyopita porini kuondoa nyaya hizo, nyingine zikiwa zimetolewa katika matairi yaliyochomwa moto. Vimekwisha kuondoa makumi ya maelfu. Na kati ya watu walioajiriwa kwa kazi hiyo wamo waliokuwa majangili. Tulipolisikia hilo kwa mara ya kwanza tulitikisa kichwa. Baadaye tuliona kuwa ni hekima: nani mwingine anayejua mnyama atapita wapi, na kitanzi hufichwa kwenye majani gani?

Turudi sasa katika Injili. Angalieni jinsi mtego ule ulivyopangwa. Wafuasi wa Herode, waliokuwa upande wa watawala, na wanafunzi wa Mafarisayo, walioichukia kodi ya Kirumi, wanakuja pamoja. Watu hawa hawapatani, leo wamepatana. Bwana akisema kodi ilipwe, umati utamwona msaliti. Akisema isilipwe, kesho atashtakiwa kwa Liwali. Upande huu mbwa, upande ule wavu. Hata maneno matamu ya utangulizi, kwamba yeye ni mwalimu mkweli asiyeogopa mtu, ni majani ya kufunikia kitanzi.

Lakini kuna neno moja ambalo sisi wenyewe tulilisoma miaka mingi bila kulitilia maanani. Mafarisayo waliofanya kikao hawakuja. Waliwatuma wanafunzi wao. Wao walibaki mahali fulani, pengine hata walikuwa wakisali. Hiyo ndiyo tabia ya mtego, wapendwa: unafanya kazi wakati aliyeutega hayupo. Vijana wale waliotumwa ndio waliosimama mbele ya Bwana na kusikia wakiitwa wanafiki. Naye Bwana akautegua mtego kwa kuomba aonyeshwe sarafu ya kodi. Yeye hakuwa nayo. Walikuwa nayo wao.

Tusiwacheke Mafarisayo. Tulipokuwa paroko mahali pengine, miaka mingi iliyopita, alikuwapo mweka hazina wa kamati ya ujenzi, mtu mnyofu, ambaye alitupinga mbele ya watu kuhusu bei ya mabati. Hatukupenda. Mkutano uliofuata tulimwuliza kwa sauti ya upole, "Je, mweka hazina wetu yupo tayari kutuonyesha stakabadhi zote sasa hivi?" Tulijua ametoka msibani moja kwa moja, na kwamba jalada lake liko nyumbani. Akisema ndiyo, ataumbuka. Akisema hapana, watu watanong'ona. Alisema hapana. Tukasema tu, "Haya, tuendelee," tukafungua ajenda nyingine. Miezi mitatu baadaye tulihamishwa, tukaagwa kwa zawadi na ngoma.

Stakabadhi zilikuwa kamili; alizileta wiki ile ile, nasi tulizisaini bila kutangaza lolote. Baada ya miaka sita tulikutana na binti yake mjini. Kwa heshima zote alitueleza kuwa baba yake aliacha kwenda jumuiya, kwa sababu vijana walimpa jina la "Stakabadhi," na wakati wa harambee watu walisita kumkabidhi bahasha. Sisi tulikuwa tumelisahau swali lile kabisa. Lenyewe lilikuwa bado limetegwa.

Tulirudi. Tuliomba ruhusa kwa paroko aliyetufuata, tukasimama katika Misa mbili za Dominika na kueleza tulichofanya. Mzee hakuwapo, alikuwa amehamia kwa mwanawe. Tukamfuata huko. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, kisha akasema, "Padre, mimi nilikwisha kukusamehe. Lakini waliokuwa ukumbini siku ile, wengine wamehama, wengine wamekufa. Nani atawafuata mmoja mmoja?" Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai.

Makatekista wapendwa, mnapowaandaa watu kwa Sakramenti ya Kitubio, mara nyingi mnawafundisha kuhesabu walichotenda. Wafundisheni pia kuuliza ni kitu gani walichokiacha kikiendelea kutenda. Tunao jirani aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, akahamia mkoani. Familia mbili zinaangaliana kwa mapanga juu ya msingi wa matofali. Tunao wanaokopesha kina mama fedha zile zinazoitwa kausha damu, riba ikipanda hata usiku ambao mkopeshaji yuko kwaya. Yupo aliyepeleka uvumi juu ya binti wa watu kwa simu, kisha akaufuta kwenye simu yake, akadhani umefutika. Kuungama ni kwema, na ondoleo ni la kweli. Hata hivyo padre katika kiti cha maungamo hajui kitanzi kiko shina gani. Zakayo hakumwachia Bwana kazi ya kuzunguka Yeriko akiwatafuta aliowadhulumu. Alijua mwenyewe milango ya kubisha.

Yule mzee wa Kisarawe, alipokuwa katika mafundisho ya ubatizo, aliamka alfajiri moja bila kutumwa na mtu, akaingia msituni na koleo la kukatia waya. Alizunguka siku tatu. Kati ya vile vitanzi thelathini alipata ishirini na sita; vingine magugu yalikuwa yamefunga njia. Hadi leo, anatuambia, akipanda daladala ya Kisarawe na kuufikia msitu, huacha mazungumzo na aliyekaa naye, hugeuka dirishani, na kuanza kukumbuka upya: mmoja karibu na mkuyu, mmoja kijitoni, miwili kule juu.