Rangi kwenye foto za zamani: tuulize wazee kwanza

*Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Idjwi*



Siku hizi wengi wanaleta foto nyeusi na nyeupe, wanaomba tuzitie rangi kwa ordinateri. Sababu tunaielewa. Mutu aliyekimbia akarudi, mara nyingi nyumba haiko, vitu haviko, foto moja njo imebaki. Mjukuu akimwona tate yake akiwa na rangi, anamsikia karibu. Ni kitu kizuri. Lakini tuelewane namna hiyo kazi inafanyika.

Foto nyeusi na nyeupe ilishika mwangaza tu. Kitenge chekundu na jani la kijani vinaweza kutoka na kijivu kimoja. Tena filamu nyingi za zamani sana hazikuona nyekundu, kwa hiyo kitu chekundu kilitoka karibu cheusi. Kwa hiyo programu hairudishi rangi iliyopotea, inabahatisha. Ilifundishwa kwa foto nyingi sana zenye rangi: ikiona majani inatia kijani, ikiona mbingu inatia bluu. Kwa migomba yetu na maji ya Ziwa Kivu, mara nyingi inapatia. Kwa kitenge cha mama yako, haiwezi kujua. Inatia rangi yoyote, inapendeza, na sisi tunaamini.

Mwaka 2021 gazeti la VICE lilitoa foto za watu waliofungwa na kuuawa katika gereza la S-21, kule Kambodia, zilizotiwa rangi. Watu wakaona kwamba nyuso zingine ziliongezewa na tabasamu. Familia zikaumia, serikali ya Kambodia ikapinga, gazeti likaziondoa. Wale watu walipigwa foto wakiwa wanangoja kufa, halafu mutu wa mbali akawachekesha.

Hata sisi tuko na wafu wetu. Njo maana napendekeza tufuate haya:

Moja, foto yenyewe isiguswe. Tuipige kopi, tufanye kazi kwenye kopi.

Mbili, kabla ya rangi, tukae na mzee anayeijua. Nani huyu? Ni wapi? Mwaka gani? Nguo ilikuwa ya rangi gani? Majibu yaandikwe kwenye daftari, pamoja na jina la aliyejibu.

Tatu, tutumie programu kama GIMP, ambayo ni ya bure, na rangi iwekwe kwenye tabaka yake peke yake. Mama mukubwa akisema, “Hapana, kilikuwa cha manjano,” tunarekebisha bila kuharibu kitu.

Ine, sura isibadilishwe. Ngozi isipaushwe, tabasamu lisiongezwe.

Tano, chini tuandike: “Rangi imetiwa”, na mwaka. Foto ya namna hiyo isipelekwe kama ushahidi wa shamba, wala kutafutia mutu aliyepotea. Ndugu anaweza kupita mbele yake bila kumtambua, juu ya shati ambalo hajawahi kulivaa. Na kwa wafadhili, katika ripoti tutaweka foto yenyewe.

Wale wanaojua majina ya watu kwenye hizi foto wanapungua kila mwaka. Rangi inaweza kutiwa hata kesho kutwa, lakini majina hayataweza kungoja. Kwa hiyo mukileta foto, mukuje na mzee wenu. Kama hawezi kutembea, mutuambie, tutamufuata nyumbani na daftari.